Ada ya mitaro ya mvua kwa developa: hii namba jiji wanaitoa wapi? (uzi mrefu, naomba wajuzi)

KiwanjaSaba:
Wakuu habari zenu. Mi na wenzangu watatu tulinunua hekta 8, tunataka kukata viwanja 96 vya makazi, barabara za ndani tutaweka sisi, umeme na maji tumeshaongea nao hayo hayana shida. Juzi tumeletewa ankara ya jiji, kipengele kimeandikwa "ada ya bonde, mifereji ya maji ya mvua" milioni 32 (sarafu msijali, ishu ni hesabu). Milioni 4 kwa kila hekta mara 8, basi, mstari mmoja hauna maelezo. Halafu ukurasa wa pili wa hiyohiyo barua wanatuambia tuchimbe bwawa la kuchelewesha maji ndani ya eneo letu kwa gharama zetu wenyewe.

Sasa maswali yangu mawili. Hiyo milioni 4 imetoka wapi, mtu alikaa akaota au kuna hesabu? Na la pili, kama bwawa nachimba mimi, mtaro nachimba mimi ndani ya eneo langu, ada ya nini tena, si nalipa mara mbili? Naomba kuelimishwa, matusi weka pembeni.

ChoraRamani:
Karibu kwenye kodi ya mvua mkuu 😂 mawingu ya Mungu ankara ya jiji

Fundi_Mitaro:
ChoraRamani utani wako una historia. Jimbo la Maryland kule Marekani walitunga sheria 2012 ya kulazimisha kaunti kubwa na jiji la Baltimore watoze ada ya maji ya mvua, wapinzani wakaibatiza hivyohivyo "kodi ya mvua", ikawa silaha ya uchaguzi mpaka 2015 ule ulazima ukaondolewa. Jina baya linaua hesabu nzuri.

Mleta uzi, nimekaa ofisi ya mitaro ya jiji miaka mingi kabla sijastaafu, hizo ada nimezipiga kwa mkono wangu, zingine nikizikumbuka naona aibu kidogo. Ngoja nikuchambulie taratibu.

Ada ya namna hiyo ikitengenezwa vizuri ni kugawanya tu, darasa la nne. Jiji linachukua bonde moja, yaani eneo lote ambalo maji yake yanamalizikia kwenye mkondo mmoja, linapiga mahesabu bonde likishajengwa lote maji yatakuwa kiasi gani, linaorodhesha kazi zinazotakiwa (mfereji mkuu upanuliwe hapa, kalavati lile libadilishwe, bwawa kubwa la bonde zima lichimbwe pale), linaweka gharama ya kila kazi, linajumlisha. Hiyo ndo namba ya juu. Namba ya chini ni hekta ambazo bado hazijajengwa na zinaweza kujengwa. Juu gawanya kwa chini, unapata kiasi kwa hekta.

Tuseme kazi zote milioni 900, hekta zilizobaki 600, ada ni milioni 1.5 kwa hekta. Lakini tuseme kwenye hizo 900, milioni 300 ni kurekebisha mitaro mibovu ya mtaa wa zamani ambao ulikuwa unafurika hata kabla mgeni yeyote hajaja. Hizo 300 mgeni hazimhusu, zinatakiwa zitoke kwa jiji au kwa wakaazi wote. Ukizitoa unabaki na 600 kwa 600, milioni 1 kwa hekta. Umeona? Bonde lilelile, mfereji uleule, tofauti ya theluthi nzima, na kwenye ankara hutaiona hata ukiiweka juani.

Kwa hiyo usiende kule kulia kwamba ni hela nyingi, hilo wanalisikia kila siku. Omba ripoti ya bonde lako. Uliza namba ya juu ina nini na namba ya chini ina nini.

KiwanjaSaba:
Aisee. Sijui hata kama ripoti ipo.

Fundi_Mitaro:
Ipo. Kama haipo basi hiyo ada imesimama kwa mguu mmoja, na mwanasheria yeyote aliyeamka vizuri ataiangusha.

Mama_Vipimo:
Niongezee kwa Fundi. Mimi napiga mahesabu ya mitiririko kila siku. Kugawa kwa hekta tupu ni njia ya kivivu maana hekta ya maghala yenye paa na lami kila mahali haifanani na hekta ya nyumba zenye bustani. Majiji yenye umakini yanapima ada kwa sehemu isiyopitisha maji, paa, lami, zege, pevingi zilizobanana. Mengine yanatumia aina ya matumizi, makazi ya chini kiwango hiki, biashara kiwango kile.

Fomula yenyewe mnaweza kuifanya kwenye karatasi ya bahasha. Q ni sawa na C mara i mara A gawanya kwa 360. Q mtiririko wa kilele kwa mita za ujazo kwa sekunde, i ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A hekta, C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi. Ni ya kale hiyo, Mulvaney wa Ireland aliandika wazo lake 1851 na Kuichling akalitumia kwa mitaro ya mji wa Rochester Marekani 1889, mpaka leo ndo mkate wetu kwa maeneo madogo. Lami C yake vitabu vingi vinaipa 0.70 mpaka 0.95, nyasi kwenye mchanga tambarare inaweza kushuka mpaka 0.05.

Chukua hekta 8 zenu. Kabla ya ujenzi tuseme C 0.25, na ukali wa mvua tunaoutumia kukokotoa mitaro milimita 90 kwa saa. 0.25 × 90 × 8 / 360 = 0.5. Baada ya nyumba na barabara C inapanda mpaka 0.60 hivi, unapata 1.2. Karibu mara mbili na nusu. Na hapo nimewahurumia maana nimeshikilia i ileile, kiuhalisia maji kwenye lami na mabomba yanakimbia haraka, muda wa kufika mtoni unafupika, na mvua ya muda mfupi ndo yenye ukali mkubwa, kwa hiyo i inapanda nayo. Wanaolalamika kwamba "mvua ni ileile ya zamani" wanasahau kwamba ardhi siyo ileile.

bonde_huru:
Mi nauliza kitu, huyu anaambiwa achimbe bwawa ili maji yake yatoke kama zamani, 0.5. Kama yanatoka 0.5 kama kabla hajajenga, basi huko chini hajaongeza chochote. Ada ya nini? Mama Vipimo hapa mmenasa.

Mama_Vipimo:
Hatujanasa. Bwawa linapunguza kilele, halipunguzi ujazo. Ikinyesha milimita 50 juu ya hekta 8 hiyo ni mita za ujazo 4,000 zimeanguka. Kwa makadirio ya haraka kabla ya ujenzi zingetiririka kama 1,000, baada ya ujenzi 2,400. Bwawa linazishika zile 1,400 za ziada na kuzitoa polepole, lakini zinatoka. Mfereji wa chini ambao zamani ulijaa saa moja sasa unakaa umejaa masaa mengi, kingo zinalika, na kama kuna mabwawa ishirini ya namna hiyo kwenye bonde yote yanamwaga polepole kwa wakati mmoja basi hizo 0.5 zinapandana.

Halafu kuna kitu watu hawakijui. Bwawa likiwa karibu na mwisho wa bonde linaweza kufanya mambo yawe mabaya zaidi. Eneo la chini maji yake kawaida yanapita mapema kabla ya maji ya juu hayajafika, we ukiyachelewesha unayapangia miadi na kilele cha juu. Nimewahi kuona hesabu ambayo bila bwawa lolote mkondo ulikuwa na nafuu kuliko na bwawa. Ndo maana kuna majiji yanasema kwa sehemu za chini usichimbe, lipa ada tu tukachimbe bwawa kubwa mahali panapofaa.

bonde_huru:
Sawa hapo nimekuelewa, lakini bado. Kama ada inajenga bwawa kubwa la bonde zima NA mimi nimelazimishwa bwawa langu la kiwango kamili, kuna kazi moja inalipiwa mara mbili. Sema hapana.

Fundi_Mitaro:
Hasemi hapana, na mimi sisemi hapana. Hapo una haki. Bwawa lako likifanya kazi ambayo ripoti ya bonde iliihesabia bwawa la jiji, unatakiwa upate makato kwenye ada. Ila siyo makato ya ada yote, sehemu ya mfereji mkuu na makalavati inabaki maana maji yako bado yanapita humo. Kwa hiyo jibu la swali la pili la mleta uzi ni "inategemea orodha ya kazi", na tunarudi palepale, omba ripoti.

Wakili_wa_Kijiwe:
Kwa wanaopenda upande wa sheria. Marekani wamepigania hii mpaka Mahakama ya Juu mara kadhaa na kesi tamu kuliko zote inahusu mitaro hasahasa. Dolan na jiji la Tigard, Oregon, 1994. Mama ana duka la vifaa vya mabomba na umeme pembeni ya kijito, anataka kulipanua karibu mara mbili na kuweka lami kwenye maegesho. Jiji likasema sawa, ila tupe ardhi yako iliyo kwenye uwanda wa mafuriko iwe ukanda wa kijani wa umma, na kipande kingine cha njia ya baiskeli. Mahakama ikakubali kwamba lami inaongeza maji na jiji lina haki kujali mafuriko. Lakini ikauliza, kuzuia watu wasijenge kwenye uwanda wa mafuriko ni sawa, kwa nini lazima ardhi iwe ya umma? Hilo linapunguza maji vipi? Jiji halikuwa na jibu. Ndo likazaliwa sharti kwamba unachomdai mjenzi kilingane kwa makadirio na madhara anayoleta, siyo kwa hesabu kali kabisa lakini lazima kuwe na jitihada ya kupima.

2013 kwenye kesi ya Koontz wakasema kipimo hicho kinagusa na madai ya pesa, siyo ardhi tu. 2024 kwenye kesi ya Sheetz, jamaa alitaka kuweka nyumba moja tu kwenye ploti yake akadaiwa zaidi ya dola 23,000 za barabara, wakasema hata ada iliyopangwa na baraza kwa sheria ya jumla haikwepi kipimo hicho. Walichoacha bila kuamua ni kama ada ya kundi zima la wajenzi inabidi ipimwe kwa kila mmoja peke yake.

Na Texas sheria yao ya 1987 ya ada za namna hii, ambayo mitaro imo, inakataza kabisa kuwabebesha wajenzi wapya gharama za kurekebisha mapungufu ya wenyeji. Alichosema Fundi juu ya zile milioni 300, kule kimeandikwa. Na hela isipotumika ndani ya miaka 10 mwenye eneo anaweza kudai irudishwe.

ChoraRamani:
Miaka 10 mkuu? Huku kwetu naona hela ikishaingia jiji inabadilisha jina

mzee_wa_pampu:
Hapo kwa jina kubadilika ngoja niseme. Niliwahi kufanya kazi na jiji moja, silitaji, ada za mabonde yote zilikuwa zinaingia kwenye akaunti moja ya jumla. Bonde la kaskazini lilikuwa linajengeka kwa kasi, hela inatiririka, bonde la kusini kulikuwa na mheshimiwa. Nadhani mnajua mfereji ulijengwa wapi. Miaka sita baadaye developa wa kaskazini wanakuja na risiti mkononi wanaonyesha mtaro uleule wa udongo wenye magugu kiunoni. Tukawajibu nini? Tukawajibu "mradi upo kwenye mchakato". Kila bonde liwe na akaunti yake, taarifa itolewe kila mwaka imeingia ngapi imetoka ngapi imejenga nini, nje ya hapo hiyo siyo ada tena ni kodi iliyovaa kofia ya injinia.

Neema_wa_Ploti:
Samahani mi ni mnunuzi tu wa kawaida, sielewi kitu. Kwenye nyumba ninayokaa nalipa kila mwezi hela ya maji ya mvua, sasa kama developa alishalipa ada hii mi nalipa nini tena?

Mama_Vipimo:
Neema dada swali zuri sana, na watu wengi wanachanganya. Ada ya developa inalipwa mara moja, ni ya kujenga uwezo mpya, mfereji, kalavati, bwawa. Ya kila mwezi ni ya kutunza, kuzibua, kufyeka, kubadilisha bomba lililooza. Mji wa Bellevue kule jimbo la Washington ni kati ya miji ya kwanza Marekani kuanzisha shirika la mitaro linalojiendesha kwa ada za wateja, 1974. Sehemu nyingi wanapima nyumba ya kawaida ina mita ngapi za mraba zisizopitisha maji, hiyo inaitwa unit moja, kiwanda chenye lami mara arobaini kinalipa unit arobaini.

Philadelphia walikuwa wanawatoza wafanyabiashara kwa ukubwa wa mita ya maji safi. Fikiria hiyo. Uwanja wa maegesho wa lami tupu hauna bomba hata moja, unalipa sifuri, na ndo unaomwaga maji kuliko wote. 2010 wakaanza kuhamia kwenye eneo la kiwanja na sehemu isiyopitisha maji, wakaenda kwa awamu ili watu wasizimie. Ujerumani nao wametenganisha bili, majitaka kivyake kwa maji uliyotumia, mvua kivyake kwa mita za mraba ulizofunika ambazo zinamwaga kwenye mtaro wa umma, na mahakama ya utawala ya Baden-Württemberg 2010 ndo ilizisukuma hata halmashauri ndogo kule kufanya hivyo. Ukichomoa pevingi ukaweka nyasi bili inashuka.

msimamizi_estate:
Naomba niingie kwa habari ya mabwawa maana mmeongea hesabu tu. Mimi nasimamia estate ya nyumba 140, developa wetu alichimba bwawa safi kabisa, vibali vyote. Kwenye mdomo wa kutolea maji kulikuwa na bamba la chuma limefungwa kwa nati nne, katikati lina tundu la milimita 150. Tundu hilo ndo bwawa lenyewe wakuu, bila hilo tundu dogo una shimo tu. Sasa mvua ikinyesha bwawa lilikuwa linakaa na maji siku nzima na zaidi, tundu linaziba kwa majani na mifuko, wakaazi wakaanza kelele, mbu, harufu, watoto wataanguka. Mtunza bustani wetu mtu wa watu akachukua spana akafungua zile nati nne. Bwawa likawa linakauka dakika ishirini. Wakaazi wakamshukuru, kuna waliompa na zawadi.

Miezi minane baadaye ikaja mvua ile ya kweli. Majirani wa chini maji yaliingia mpaka usawa wa swichi za umeme. Injinia wa jiji akaja, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa bwawa, akainama, akacheka cheko la hasira. Bamba tulilikuta nyuma ya kibanda, limetumika kufunikia shimo la mita ya maji.

Developa alishauza viwanja akaondoka. Jiji likasema bwawa ni la estate. Estate tukasema hatukujua. Wote tulikuwa tunasema kweli kwa namna fulani.

Fundi_Mitaro:
Hii comment yako ingetakiwa ibandikwe kwenye ofisi zote za vibali. Hili ndo linanifanya nipende ada kuliko vibwawa vidogovidogo hamsini. Bwawa moja kubwa la jiji lina mtu wa kuliangalia, lina gari, lina bajeti hata kama ni mbovu. Vibwawa hamsini vina watunza bustani hamsini wenye spana.

bonde_huru:
Na bwawa moja kubwa lisipojengwa? Mzee wa pampu katwambia hapo juu. Kibwawa changu angalau nakiona.

Fundi_Mitaro:
Hapo umenipata, sikatai.

Mama_Vipimo:
Kuna njia ya katikati. Washington DC tangu 2013 mradi mkubwa unatakiwa ubakize ndani inchi 1.2 ya mvua ya kwanza, kama milimita 30, lakini kwa kawaida angalau nusu tu ndo lazima iwe kwenye kiwanja chako. Inayobaki unaweza kulipa ada badala yake kila mwaka, au ukanunua vibali vya ujazo kutoka kwa mtu mwingine aliyebadilisha lami yake ikawa bustani inayokunywa maji ya mvua. Kuna soko kabisa, na bei ya jiji inakuwa kama dari maana hakuna atakayenunua kwa jirani kwa bei ya juu kuliko ile ya jiji.

mzee_wa_pampu:
Kitu kingine mleta uzi angalia tarehe ya ripoti. Majiji mengi yanapanga kiwango halafu yanakisahau, saruji na chuma vinapanda, ada imelala palepale. Developa anafurahi lakini mwisho wa siku hela iliyokusanywa inajenga nusu ya mfereji, na nusu ya mfereji ni mbaya kuliko kutokuwa nao maana unamwaga maji yote mahali ulipoishia. Wenye akili wanapandisha kila mwaka kwa kufuata gharama za ujenzi.

Na kama eneo lenu ndo la kwanza kujengwa huko, mnaweza kuambiwa jengeni kabisa kipande cha mfereji mkuu. Msikatae kwa haraka. Colorado Springs na Melbourne Water kule Australia wana utaratibu, ukijenga kazi iliyo kwenye orodha ya bonde gharama inakatwa kwenye ada yako, ikizidi kuna utaratibu wa kurudishiwa. Ila hakikisheni mmeandikishana kiasi kabla ya koleo la kwanza kugusa udongo. Mkiandikishana baada ya kujenga mtaambiwa mfereji wenu ulikuwa mzuri kupita mahitaji.

KiwanjaSaba:
Wakuu nimerudi. Wiki mbili nimehangaika ila ripoti nimeipata, kurasa 140, mi na mdogo wangu tumeisoma kwa eksel pembeni. Fundi ulichosema kipo kimekaa uchi. Kazi zote jumla milioni 2,080. Hekta zinazoweza kujengwa 520. Ndo 4 kwa hekta. Nimefurahi kama mtoto kuiona ikitoka.

Sasa mambo mawili nimeyaona nataka mnithibitishie kabla sijajiaibisha. Kwanza, hekta zetu 8, ndani yake 1.3 ni hifadhi ya kijito, haturuhusiwi kugusa. Wametutoza 8 zote. Pili, kwenye orodha kuna kalavati la barabara ya zamani milioni 520, robo ya gharama yote! Kwenye jedwali limeandikwa uwezo wa sasa mita za ujazo 9 kwa sekunde, maji yanayofika sasa 14, yatakayofika bonde likijaa 19.

Mama_Vipimo:
Subiri kwenye hekta. Hizo 520 za chini, wameshatoa hifadhi za vijito au bado? Hilo ni muhimu kuliko unavyodhani. Kama 520 ina hifadhi ndani yake, ukiomba utozwe 6.7 na kila mtu akaomba hivyo namba ya chini inapungua na kiwango kinapanda, unarudi karibu na ulipoanza.

KiwanjaSaba:
Nimeangalia tena, jedwali la matumizi ya ardhi, hifadhi za vijito ni mstari wake peke yake, hazimo kwenye 520.

Mama_Vipimo:
Basi umewakamata. Wamegawa kwa hekta zilizochujwa halafu wanatoza kwa hekta ambazo hazijachujwa. Hapo hakuna mjadala, ni 6.7.

Fundi_Mitaro:
Na kalavati ni hivi. Linatakiwa liongezeke kutoka 9 mpaka 19, yaani 10. Kati ya hizo 10, 5 ni deni la zamani, 14 toa 9, hayo maji yanafika leo kabla hamjaweka tofali. 5 zilizobaki ndo zenu na wenzenu. Usiende kusema kalavati lote siyo lenu, watakuona mjanja na watakufungia mlango. Sema nusu. Milioni 260 zitoke kwenye namba ya juu. 2,080 toa 260 ni 1,820, gawa kwa 520 unapata 3.5. Mara 6.7 ni milioni 23.45. Kutoka 32.

Gharama ya kalavati haigawanyiki sawasawa na mtiririko, najua, kuna atakayekuja hapa kuniambia kwamba kuchimba barabara ni gharama ileile iwe kwa 5 au 10. Ni kweli, na afisa mwerevu atalisema hilo. Jibu lake ni kwamba hata wao wangelazimika kuichimba hiyo barabara bila nyinyi.

Wakili_wa_Kijiwe:
Peleka kwa maandishi, namba za kurasa, na uombe mhuri wa kupokelewa. Mdomo hauna tarehe.

KiwanjaSaba:
Mrejesho. Nilimkuta dada mmoja ofisini mtaratibu sana, ile ya hekta aliangalia dakika tano akasema "hili ni kosa letu", ankara mpya ya 6.7 inatoka. Ya kalavati kasema haiwezi kuamuliwa na yeye, itaenda kwenye kamati maana ikikubaliwa kwetu inabidi ishuke kwa bonde zima, na kuna watu walishalipa. Kwa sasa nadaiwa 26.8 na pingamizi langu lina namba.

Bwawa bado tunachimba, makato ya bwawa hakuna, nimehakikisha kwenye orodha hakuna bwawa la jiji upande wetu.

msimamizi_estate:
Hongera. Tundu lenu ni la ukubwa gani?

KiwanjaSaba:
Kwenye mchoro milimita 180. Nimemuuliza mchoraji wavu wa kuzuia takataka uko wapi akasema tutauweka baadaye.

msimamizi_estate:
Mwambie auchore leo. Na zile nati mzichomelee.